UZI: Kompyuta za mitumba Goma, Bukavu na Lubumbashi – zipi zinadumu, zipi zinakufa, na kwa nini

Fundi_Himbi (Goma)

Bandugu, jambo kwenu. Watu wanauliza kila mara: "Nichukue HP, Dell ao Lenovo?" Swali hilo halijibiki, kwa sababu kampuni moja inatengeneza mashine za aina mbili zisizofanana. Kuna za maofisi: ThinkPad T na X, Dell Latitude, HP EliteBook. Halafu kuna za madukani: IdeaPad, Inspiron, Pavilion. Nembo ni ileile, utumbo ni mwingine kabisa.

Angalieni bawaba za skrini. Kwenye Latitude ao ThinkPad T, bawaba imefungwa juu ya fremu ngumu ya madini. Kwenye mashine nyingi za madukani, skrubu inashikwa na vinati vidogo vya shaba vilivyozamishwa ndani ya plastiki. Grisi ya bawaba ikikauka, bawaba inakaza, na kila ukifungua kifuniko unang'oa vile vinati kidogo kidogo hadi plastiki inapasuka. Ukiona kifuniko kimeanza kuwa kizito, fungua mashine, legeza nati ya bawaba robo mzunguko, tia tone la grisi. Ikishapasuka, gundi peke yake haitashika.

Sababu ya pili ni spea. Makampuni ya Ulaya na Marekani yanachukua mashine za ofisi kwa wingi, yanazitumia miaka 3 ao 4, kisha yanaziuza kwa jumla. Ndizo zinazoteremka Mombasa ao Dar es Salaam, zikapita Kampala ao Kigali hadi Birere, mtaa wa biashara wa hapa Goma. Kibodi ya Latitude utaitoa kwenye Latitude nyingine iliyokufa. Ya Inspiron iliyouzwa mwaka mmoja tu utaisaka sana.

Ukiwa mbele ya muuzaji, zima mashine kabisa, iwashe na uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine): F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai neno la siri, irudishe mezani. Kwenye mashine za ofisi neno hilo limeandikwa ndani ya chipu ya mazabodi (kibao kikuu cha mashine), na kutoa betri ndogo ya CR2032 hakulifuti. Ukikuta humo ulinzi wa Absolute ao Computrace umewashwa, jua kwamba mwenye mashine wa kwanza anaweza bado kuifunga kupitia intaneti.

Kisha tazama kizazi cha prosesa. Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Kwa hiyo ThinkPad T480 yenye kizazi cha 8 inapita, T470 haipiti. Anayetumia Linux asijali hilo, atapata T470 nzuri kwa bei ya chini.

Kadutu_Elektro (Bukavu)

Mukubwa Himbi amesema kweli, lakini hata modeli peke yake haitoshi. Kuna makosa yanayokuja na kizazi kizima cha mashine, na hayo hayajali sifa ya kampuni.

Dell OptiPlex GX270 na GX280, mashine za ofisi zilizoheshimiwa, zilijaa kapasita mbovu (vile vikopo vidogo vya kushika umeme kwenye mazabodi): vichwa vinavimba, maji yanatoka, mashine inajizima. IBM ilikuwa na jina kubwa kwenye diski, ikatoa Deskstar 75GXP mwaka 2000, ambayo ilikufa sana hadi ikashitakiwa Marekani. Seagate wana diski nyingi nzuri, lakini ST3000DM001 ya TB 3 ikawa na sifa mbaya kwa namna ileile. Mwaka 2008 Nvidia, watengenezaji wa chipu za picha, walikiri kwamba sehemu ya chipu zao za laptopu zinakufa kwa joto, na wakatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya hasara hiyo. Hapo zilianguka pamoja HP Pavilion dv6000 na dv9000, Dell XPS M1330 na MacBook Pro za 2007 na 2008. Kampuni tatu tofauti, ugonjwa mmoja.

Kuhusu hizo za Nvidia, nisisitize jambo moja, maana bado kuna mafundi wanaolipisha watu kwa "kupika" mazabodi kwa hewa moto. Ufa hauko kwenye vile vidonge vya risasi vinavyoonekana chini ya chipu. Uko ndani ya chipu yenyewe, kati ya silikoni na kibao chake. Joto linapanua vitu, ufa unagusana tena kwa muda, picha inarudi. Baada ya wiki chache mashine inazima palepale. Dawa ni kubadilisha chipu kwa toleo lililorekebishwa, ama kuiacha. Fundi anayepika anamuuzia mteja wiki chache tu.

Na siku hizi: Intel ya mezani ya kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9. Prosesa zilikuwa zinadai volti ya juu mno na kuharibika taratibu. Intel walitoa marekebisho mwaka 2024, 0x129 mwezi wa Agosti na 0x12B Septemba, wakaongeza garanti kutoka miaka 3 hadi 5. Marekebisho yanazuia ugonjwa, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Mtu akikuuzia i9-13900K iliyotumika, iache ikifungua faili kubwa za ZIP na kufanya kazi nzito kwa saa nzima kabla ya kulipa.

Mudogo_Majengo (Goma)

Aksanti yaya Kadutu. T480 ambayo kila mtu anaisifu, yenyewe haina ugonjwa?

Fundi_Himbi (Goma)

Inao, mudogo. T480 na ndugu zake wa miaka hiyo wenye Thunderbolt (USB-C ya kasi kubwa) walitoka na famuwea mbovu, yaani programu ya ndani ya kontrola, chipu inayoendesha mlango huo. Ikiachwa hivyo, mlango wa USB-C unaweza kuacha kusoma skrini, baadaye hata kuchaji, na T480 inachaji kupitia USB-C tu. Lenovo walitoa famuwea ya kurekebisha mwaka 2019. Dukani, jaribu kuchaji kwenye milango yote miwili, kisha chomeka skrini ya nje. Yote yakifanya kazi, sasisha famuwea ya Thunderbolt siku hiyohiyo, mashine ikiwa kwenye chaja na betri imejaa, na usiiguse mpaka imalize. Kontrola ikisha kufa, inabaki kazi ya kuandika upya chipu yake kwa programa, kifaa cha maabara cha kuandikia chipu.

Jambo jingine: T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nje. Wauzaji wengi wanaweka betri nzuri nje na iliyokufa ndani. Fungua dirisha la amri, andika `powercfg /batteryreport`, soma kila betri kivyake. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa chini ya asilimia 60, toa bei ya betri mpya kwenye bei ya mashine.

Mama_Seva (Lubumbashi)

Jambo bandugu wa Kivu. Niongeze upande wa diski, maana hapo ndipo watu wanapoteza kazi ya miaka.

Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data, inatoa takwimu za diski zake tangu 2013. Mwaka 2024 zilikufa asilimia 1.57, yaani kama diski 16 katika kila 1000. Ukisoma jedwali lao utaona kwamba modeli mbili za kampuni moja zinatofautiana kuliko kampuni na kampuni. Kwa hiyo tusiulizane "Seagate ao WD"; tusome diski iliyo mkononi.

Kwa Windows weka CrystalDiskInfo, kwa Linux `smartctl -a /dev/sda`. Zote zinasoma SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski inajiandikia. Mistari ya kutazama kwanza:

5 – sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa. 197 – sekta zinazosubiri, hazisomeki. 198 – zilizoshindikana kabisa. Ukiona 197 ama 198 si sifuri, usinunue. Namba 5 ikiwa ndogo na haipandi, diski inaweza kuishi, lakini si ya kuweka kitu usicho na nakala yake.

199 – makosa ya mawasiliano. Hii mara nyingi ni kebo ya SATA ama soketi yenye kutu, diski haina kosa. Badilisha kebo kwanza. Diski nyingi nzima zinatupwa kwa sababu ya mstari huu.

9 – saa za kazi. Hapa pana udanganyifu. Mwanzoni mwa 2025 iligunduliwa Ujerumani kwamba diski za Seagate Exos zilizokwisha tumika maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa kama mpya, saa zake zimerudishwa sifuri. Walichosahau ni kumbukumbu ya pili, inayoitwa FARM. Kwa Seagate tumia smartmontools toleo la 7.4 ama zaidi, andika `smartctl -l farm /dev/sda`. Saa za FARM zikipita saa za SMART kwa mbali, diski hiyo imeoshwa.

Baada ya kusoma, fanya jaribio refu: `smartctl -t long /dev/sda`. Diski ya laptopu ya GB 500 inachukua kama saa mbili. Majibu: `smartctl -l selftest /dev/sda`. Muuzaji akikataa kungoja saa mbili, amekwisha kujibu.

Kwa SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), tazama asilimia ya uhai iliyobaki na namba ya famuwea. Samsung 980 Pro yenye famuwea 3B2QGXA7 inaweza kujifunga isiandikike tena. Dawa ni 5B2QGXA7, na iwekwe kabla ugonjwa haujaanza. Wanaonunua SSD za SAS za seva zilizotumika wawe makini zaidi: HPE, kampuni ya seva, walitangaza mwaka 2019 kwamba baadhi ya zao zinakufa zikifikisha saa 32,768, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, kwa sababu kihesabio cha saa kilijaa. Hakuna onyo. Na seva ikiwa na SSD nane zilizowashwa siku moja, zote nane zinakufa siku moja, RAID (mpangilio wa diski kubebeana data) haikusaidii kitu.

Mudogo_Majengo (Goma)

Mama Seva, na flash disk za bei ndogo zinazosema TB 2?

Mama_Seva (Lubumbashi)

Mwanangu, ni za uongo. Kontrola imeandikwa idanganye kompyuta. Unapopita uwezo wake halisi, inaandika juu ya faili za zamani ama inatupa data kimya kimya. Kwa Windows jaribu na H2testw, kwa Linux `f3write` kisha `f3read`. Inajaza flash yote na kuisoma tena. GB 64 kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde inakula karibu saa 1 na dakika 47 kuandika tu, kwa hiyo panga muda. Usijaribu ikiwa na faili zako ndani.

Nyawera_Volti (Bukavu)

Nimesoma yote, ni mazuri, lakini kwetu mashine nyingi zinakufa kwa umeme kabla ya ugonjwa wa kiwandani kufika. Hapa naomba mnivumilie, nitakuwa mrefu.

Kwanza, umeme mdogo. Kila mtu anauogopa, lakini chaja ya laptopu imeandikwa volti 100 hadi 240. Volti 150 haziiui; inavuta mkondo zaidi na kupata joto, basi. Friji ndiyo inayokufa kwa umeme mdogo.

Muuaji ni nyutro iliyokatika. Mtaa unalishwa na waya tatu za fezi (zinazoleta umeme) na nyutro moja (inayourudisha). Kati ya fezi na nyutro ni volti 220, kati ya fezi na fezi ni 380. Nyutro ikikatika kwenye nguzo ama ikilegea kwenye kiungo, nyumba yako na ya jirani zinabaki zimeungana kati ya fezi mbili, na yule mwenye mzigo mdogo anapokea volti nyingi. Taa zinang'aa kupita kawaida upande mmoja, zinafifia upande mwingine. Ukiona hivyo, zima swichi kuu palepale, usingoje.

Multipriza yenye kinga haisaidii hapo. Ndani yake kuna varista ambayo kwa kawaida ni ya volti 275. Imetengenezwa kumeza mpigo wa sehemu ndogo ya sekunde. Ukiipa volti 350 kwa dakika nzima inaungua, na wakati mwingine inawasha moto. Kinachosaidia ni rilei ya volti, kifaa kidogo kinachokaa kwenye kisanduku cha fyuzi. Kiweke kikate chini ya 180 na juu ya 250, kisha kingoje sekunde 180 kabla ya kurudisha umeme. Huo muda wa kungoja unalinda friji pia, na unaepusha ule mpigo wa kwanza umeme unaporudi.

Pili, radi. Kabare, hapa jirani na Bukavu, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: setilaiti zilihesabu wastani wa kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hakuna UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) inayozuia radi iliyopiga karibu. Chomoa plagi, na chomoa pia kebo ya mtandao na waya wa antena. Kompyuta nyingi zinaungulia mlango wa mtandao kwa sababu watu wanachomoa umeme tu na kuacha kebo inayotoka paani.

Tatu, ardhi. Mkigusa ganda la kompyuta na vidole vikachoma, soketi haina waya wa ardhi. Kichujio cha ndani kina kapasita mbili zinazogawanya umeme nusu kwa nusu, kwa hiyo ganda linakaa karibu volti 110. Mkondo ni mdogo, kwa kawaida hauui mtu, lakini unatosha kuua mlango wa HDMI unapochomeka skrini ama projekta. Hadi mtakapoweka ardhi, unganisheni kebo za picha na USB kwanza, plagi za umeme mwisho.

Fundi_Himbi (Goma)

Hapo kwenye ardhi Goma tuna shida yetu, mukubwa. Lava ya volkeno ya Nyiragongo ya 2002 imefunika sehemu ya mji, na jiwe hilo halipitishi umeme vizuri, wala fimbo ya shaba haiingii. Kupiga fimbo moja ya mita moja na nusu hapa ni kujidanganya. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 50 ama 60 na urefu wa mita 10 hadi 20, laza waya wa shaba tupu wa milimita 25 za mraba, uzungushie udongo laini uliochanganywa na unga wa makaa, ufukie. Udongo ubaki na unyevu, kwa hiyo maji ya mvua ya paa yaelekezwe huko. Pima kwa mita ya ardhi. Kwa kinga ya radi lenga ohmu 10 ama chini. Ikizidi, ongeza urefu wa mtaro.

Jambo la pili la Goma ni vumbi jeusi na gesi ya Nyiragongo. Vumbi la lava ni kali, linakula bushi ya feni. Gesi ya salfa ikikutana na unyevu inakula shaba na migusano. Safisha feni na rejeta kila miezi 6, kila miezi 3 kama duka liko pembeni ya barabara ya makoro (mawe ya lava). Shika feni kwa kidole unapopuliza. Ikizungushwa na hewa kwa kasi inaharibu bushi, na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. RAM isiyosomeka usiitupe: toa, pangusa migusano kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, acha ikauke dakika 5, rudisha.

Kamalondo_Net (Lubumbashi)

Swali kwa Nyawera: UPS nyuma ya stabilaiza (kisawazisha volti), ao stabilaiza nyuma ya UPS?

Nyawera_Volti (Bukavu)

Usiunganishe kabisa, yaya. UPS ya kawaida ya VA 650 ina kirekebisha volti ndani yake. Ukiweka stabilaiza ya rilei mbele yake, kila stabilaiza inaporuka ngazi, UPS inadhani umeme umekatika na kuhamia betri. Utaimaliza betri kwa mibofyo hiyo. Stabilaiza iende kwa friji na televisheni.

Na jenereta ndogo: masafa yake yanapanda na kushuka na mzigo, UPS inaukataa umeme huo na kubaki kwenye betri hadi inazima. Modeli nyingi zina njia ya kupunguza ukali wa kupima, soma kitabu chake. Usiwashe kompyuta wakati mmoja na pasi kwenye jenereta ndogo. Pasi ikizimwa, volti inaruka juu ghafla.

Mudogo_Majengo (Goma)

Bakubwa, Latitude iko polepole sana, diski ni SSD nzima. Inafungua maandishi kuhusu chaja kila inapowaka.

Kadutu_Elektro (Bukavu)

Ni chaja, mudogo. Chaja ya Dell ya tundu la duara ina pini nyembamba katikati. Hiyo haipitishi nguvu, inapeleka taarifa ya wati. Kompyuta isipoisoma, inakataa kuchaji betri na kushusha kasi ya prosesa ili isizidiwe. Pini ikipinda ama waya wake mwembamba ukikatika karibu na kichwa, volti 19.5 bado inafika na multimita inaonyesha sawa, ndiyo maana watu wanabadilisha diski bure. Jaribu chaja nyingine halisi ya wati 65 ama 90. Ikipona, umemaliza. Isipopona, badilisha soketi ya ndani. Kwenye Latitude nyingi inachomekwa kwa kebo, haihitaji kulehemu.

Kamalondo_Net (Lubumbashi)

La mwisho kutoka kwangu: betri za UPS zinazouzwa kama mpya zinakufa ndani ya miezi michache. Tunazijaribu vipi?

Nyawera_Volti (Bukavu)

Betri ya 12V 7Ah ikikaa ghalani zaidi ya miezi 6 bila kuchajiwa, salfa inaganda kwenye bati zake, na mpya inakuwa nzee kabla ya kuuzwa. Tafuta tarehe iliyogongwa kwenye ganda. Dukani pima bila mzigo: chini ya volti 12.4, iache.

Nyumbani ichaji kwa volti 13.5 hadi 13.8 usiku kucha, iache ipumzike saa 2, kisha iunganishe na balbu ya indiketa ya gari ya wati 21. Balbu inavuta karibu ampea 1.75. Betri nzima inaiwasha karibu saa 3 kabla ya kushuka hadi volti 10.5, hapo katisha, usiishushe zaidi. Ikifika 10.5 ndani ya saa moja, irudishe dukani na karatasi ya vipimo. Angalia pia upana wa migusano: ipo ya milimita 4.8 na ya 6.3, na UPS nyingi zinataka 6.3. Ukilazimisha ile nyembamba kwa kuibana na koleo, itapata joto na kuyeyusha ganda.